Na mimi nina haki ya kutojua

Kuna swali niliuliza miaka kadhaa iliyopita na mpaka leo linaniuma, sio swali lenyewe, ni vile nilivyojibiwa.

Mimi ni msichana, na nilikuwa nimejiunga na grupu moja la komiki mtandaoni, grupu kubwa, watu maelfu, nikakaa kimya kama miezi mitatu hivi nasoma tu wanachoandika wenzangu maana ndo tabia yangu nikiingia sehemu ngeni, nasikiliza kwanza. Siku hiyo nikajipa moyo. Nilitaka kusoma Captain Marvel, yule shujaa wa komiki za Marvel, tangu mwanzo na sikujua pa kuanzia, na mtu yeyote anayezifahamu komiki za Marekani anajua vurugu lake, mhusika mmoja ana majina matatu, namba za matoleo zinarudi moja kila baada ya miaka michache, hadithi inaanzia kitabu hiki inamalizikia kitabu kingine kabisa. Kwahiyo nikaandika, jamani naomba msaada, nianzie wapi?

Wa kwanza kujibu akasema wewe umetoka kuangalia muvi. Wa pili akasema mwambie jamaa yako akuazime za kwake. Wa tatu akanitaka nitaje kwanza maadui watano wa Captain Marvel ndo nisaidiwe. Jamani, ningekuwa nawajua hao maadui watano si nisingeuliza nianzie wapi! Basi wakacheka wee, emoji zikajaa, na hakuna hata mmoja aliyenitajia toleo.

Sasa wiki hiyohiyo kaka mmoja akaja na swali lilelile, yeye alitaka X-Men. Hata hakuliandika vizuri jina la mhusika anayemtaka. Akapata majibu zaidi ya arobaini. Watu wakamwekea orodha, wengine wakabishana kwa upendo kabisa huyu anasema aanzie hapa yule anasema hapana aanzie pale, mmoja akamchorea chati yenye mishale, ukimaliza hii nenda hii. Wakamwambia karibu sana mdogo wetu, utafurahi mno. Nikaisoma ile posti mpaka komenti ya mwisho. Sikumwonea wivu yule kaka, alistahili kila kitu alichopewa, ila koo lilinikaba kwa sababu pale ndo nilijua kwamba lile grupu linajua kupokea wageni. Kumbe wanajua. Wanajua vizuri sana.

Sikuondoka. Nilifanya kitu ambacho naamini wasichana wengi wanaopenda gemu, komiki, anime, kompyuta na mambo ya namna hii wamekifanya, nilienda kusoma kwa ajili ya mtihani. Nikatafuta daftari. Nikaandika kwamba Carol Danvers alionekana mara ya kwanza 1968 akiwa ofisa wa usalama asiye na nguvu yoyote ya ajabu, akawa Ms. Marvel 1977, na jina la Captain Marvel akalichukua 2012 kwenye hadithi za Kelly Sue DeConnick. Nikajua kwamba kabla yake jina hilo lilikuwa la shujaa wa kiume, Mar-Vell, na tangu 1982 likabebwa na Monica Rambeau, mwanamke mweusi (hili la Monica linanifurahisha kila nikilikumbuka, maana wapo watu waliopiga kelele kwamba jina la Captain Marvel limepewa mwanamke kwa mara ya kwanza wakati huyu alishalibeba miaka thelathini nyuma). Nikakariri wachoraji, nikakariri miaka, nikakariri nani kafa toleo gani na karudi toleo gani.

Siku moja mtu akauliza kuhusu hayo majina nikamjibu kila kitu, aya nne. Unajua nilijibiwa nini? Umegugo. Nikaongeza mambo ambayo huwezi kuyapata haraka hivyo, nikaambiwa najionyesha. Na mwingine akaja inboksi kunambia kwamba yeye amenikubali, kwahiyo nitume picha.

Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho nataka kila msichana anayeanza akijue mapema kuliko mimi. Ule mtihani hauna alama ya kufaulu. Ukikosa, wewe feki. Ukipata, umegugo. Ukipata sana, unatafuta kuangaliwa. Swali la maadui watano halikuwa linapima ninachokijua, lilikuwa ni geti, na geti halifunguki kwa majibu kwa sababu halikuwekwa kwa ajili ya majibu.

Kama unadhani nakuza mambo, msikilize Geguri. Jina lake ni Kim Se-yeon, binti wa Korea Kusini, na mwaka 2016 alikuwa na miaka 17 akicheza Overwatch, gemu la mtandaoni la timu kupigana risasi, mhusika wake Zarya. Alikuwa analenga vizuri kiasi kwamba wapinzani wakasema haiwezekani, lazima anatumia programu inayomlengea, na wakaweka mpaka ajira zao rehani kwamba akithibitika msafi wao wanaacha. Kampuni yenye gemu ikachunguza ikasema huyu hana kosa. Haikutosha. Ikabidi aende studio akakae mbele ya kamera, kamera nyingine ikimulika mikono yake na mausi, acheze laivu watu waone vidole vyake vikifanya kile walichosema hakiwezekani. Akacheza. Wawili kati ya waliomtuhumu kweli wakaacha. Na 2018 akaingia Shanghai Dragons akawa mwanamke wa kwanza kwenye ligi kuu ya Overwatch.

Watu wanaipenda hii hadithi kwa sababu inaisha kwa ushindi, na mi pia naipenda, lakini kila nikiitazama naona ile kamera juu ya mikono ya mtoto wa miaka 17 na nafsi inakataa kushangilia. Tena huyu ni bingwa. Sasa je, yule msichana ambaye si bingwa? Yule anayelenga ovyo, anayekufa dakika ya kwanza, anayecheza kwa sababu anafurahia tu? Wavulana wanaocheza vibaya wapo kwa mamilioni na hakuna anayewaita feki, wanaitwa wanaojifunza. Swahili ina neno zuri sana kwa mtu wa namna hiyo, mwanagenzi, na mi nadhani neno hilo ndo tunalonyimwa. Msichana haruhusiwi kuwa mwanagenzi. Anatakiwa afike mlangoni akiwa fundi tayari.

Baada ya lile tukio la inboksi nilifungua akaunti nyingine yenye jina la kiume. Nakiri kwamba nilijisikia vibaya kufanya hivyo, lakini nilichoka, na nilikuwa na swali kweli, nilitaka kuanza kujifunza kuandika programu na kulikuwa na grupu lingine ambalo nilishaona wanawake wanavyojibiwa. Nikauliza swali la mwanzo kabisa, la chini kabisa, programu yangu inanitolea kosa kwenye mstari wa kwanza. Ndani ya dakika kumi nina majibu sita. Mmoja akaniambia kaka usijali, wote tulianzia hapo. Nililisoma lile neno, wote tulianzia hapo, nikalia. Kulikuwa na wema wote ule, siku zote upo, na ulikuwa hautoki kwa sababu ya jina langu.

Na hata hili la kujificha nyuma ya jina la kiume sikulianzisha mimi. Stephanie Shirley alianzisha kampuni ya programu Uingereza mwaka 1962, karibu wafanyakazi wake wote wanawake, wengi wao wanafanya kazi nyumbani wakiwa na watoto, na barua zake za kuitafutia kampuni kazi zilikuwa hazijibiwi mpaka alipoanza kusaini Steve. Baadaye wanawake haohao ndo waliandika programu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Upande wa hadithi za kisayansi yuko Alice Sheldon, aliyeandika kwa jina la James Tiptree Jr. kuanzia miaka ya 1960 mwishoni, akashinda tuzo, na mwaka 1975 mwandishi mwenzake Robert Silverberg akaandika kabisa kwamba wazo la Tiptree kuwa mwanamke ni upuuzi, uandishi wake una uanaume ndani yake. Miaka miwili tu baadaye ikajulikana ni nani. Maneno hayakubadilika hata koma. Hadithi zilezile, kurasa zilezile.

Kinachonikera zaidi ni vile hawa mabawabu wanavyoongea kana kwamba nyumba waliijenga wao na sisi tumekuja juzi kuomba kuazima kiti. Ukiona vyaelea vimeundwa, na walioviunda wana majina. ENIAC, ile kompyuta ya Marekani iliyozinduliwa Februari 1946, iliprogramiwa na wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Nimeyaandika yote sita makusudi. Mwanzoni hata chumba chenye mashine hawakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya mambo ya usiri wa jeshi, wakapewa michoro ya nyaya wakaambiwa jifunzeni humo, hakuna kitabu cha maelekezo, hakuna mwalimu, wakawa wanawauliza mainjinia sehemu hii inafanya nini na ile inafanya nini mpaka wakaielewa mashine nzima. Siku ya kuwaonyesha watu, hesabu iliyowashangaza wageni ilikuwa imeandaliwa na Jennings na Snyder. Usiku kukawa na chakula cha jioni cha kusherehekea. Hawakualikwa.

Miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja, Kathy Kleiman, aliona picha za zamani za ile mashine, wanawake wamesimama pembeni yake hawana majina chini ya picha. Akauliza ni akina nani. Akaambiwa ni mamodo tu, waliwekwa kuipendezesha mashine. Ni yeye aliyeamua kuwatafuta, akawakuta baadhi yao wazima na wanakumbuka.

Kwenye gemu ni vilevile. Carol Shaw alitengeneza River Raid 1982, mojawapo ya gemu zilizopendwa sana kwenye mashine ya gemu ya Atari. Roberta Williams alibuni Mystery House 1980, wakati gemu nyingi za hadithi kwenye kompyuta za nyumbani zilikuwa maandishi matupu yeye akaweka picha, kisha King's Quest 1984. Kwahiyo sisi hatukuja juzi. Tulikuwepo, halafu kuna kipindi mlango ulifungwa, na tarehe zake zinaonekana kabisa ukiangalia takwimu, Marekani mwaka 1984 wanawake walikuwa kama asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya kompyuta, na kufika 2010 wakawa karibu asilimia 18. Taaluma nyingine, udaktari, sheria, wanawake walikuwa wanapanda. Hii ikashuka.

Kwanini? Sababu hazikuwa moja, lakini moja ambayo watafiti wameirudia ni kwamba kompyuta za nyumbani zilipoanza kuuzwa zilitangazwa kama kitu cha mvulana, zikawekwa chumbani kwa mvulana, baba akakaa naye wakazifungua pamoja. Basi miaka kumi baadaye huyu mvulana na dada yake wanaingia darasa moja la chuo, darasa linaloitwa la mwanzo, na mwalimu anafundisha akiwatazama wale ambao tayari wameshacheza na mashine miaka kumi. Msichana anaona wenzake wanaelewa haraka, anadhani ni kipaji. Anadhani yeye hana. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba anachokiona sio kipaji, ni muda.

Hii sio nadharia yangu. Jane Margolis na Allan Fisher walikaa na wanafunzi wa kompyuta wa chuo cha Carnegie Mellon kuanzia 1995, wakawahoji mmoja mmoja, wakakuta wasichana wanaoipenda kompyuta kweli lakini wanajiona si wa pale kwa sababu hawaioti usiku na mchana kama wale kaka. Chuo kikabadilisha mambo. Kikaacha kutanguliza uzoefu wa kuprogramu wakati wa kuchagua wanafunzi, kikaweka milango tofauti ya kuanzia kulingana na mtu alikotoka. Mwaka 1995 wasichana walikuwa asilimia 7 ya wanaoingia. Mwaka 2000, asilimia 42. Chuo cha Harvey Mudd nacho baadaye kikatenganisha darasa la mwanzo, wenye uzoefu kivyao na wasio nao kivyao, ili wale wajuaji wasiwatishe wenzao, na ndani ya miaka michache wakatoka kama asilimia 10 kwenda 40.

Soma tena hizo namba. Hakuna ubongo wa mtu uliobadilishwa. Walichofanya ni kuwapa watu ruhusa ya kufika bila kujua. Ndo maana nasema suala ni haki ya kutojua na sio suala la kuwathibitishia kwamba tunajua, maana tumeshathibitisha tangu 1946 na bado tunaulizwa maadui watano.

Kuhusu maiki nitasema kidogo tu kwa sababu kila msichana anayecheza onlaini anaijua hii. Watafiti wawili waliwahi kuingia kwenye Halo 3, gemu la vita la mtandaoni, wakitumia sauti zilizorekodiwa, mara sauti ya mwanaume, mara ya mwanamke, mara kimya, maneno ni yaleyale ya kawaida na ya heshima. Sauti ya mwanamke ilipata maneno mabaya mara tatu zaidi. Mi nilizima maiki yangu miaka minne. Miaka minne nacheza gemu la timu bila kuongea na timu, halafu naambiwa wanawake hawawasiliani vizuri kwenye mechi.

Na yapo mabaya kuliko kunyamazishwa. Mwaka 2014 wanawake kama Zoë Quinn, Brianna Wu na Anita Sarkeesian walitishiwa kuuawa na kubakwa mpaka wengine wakahama majumbani mwao, kwa sababu ya gemu, kwa sababu ya kutengeneza gemu na kuzichambua. Oktoba mwaka huo Sarkeesian alifuta mhadhara wake chuo cha Utah State baada ya mtu kutishia kuja kuua watu ukumbini, kwa kuwa sheria za pale hazikuruhusu kuwazuia wenye vibali kuingia na silaha. Sisemi kila anayeuliza maadui watano ni mtu wa namna hii, hapana, wengi si hivyo. Ila yule mwenye chuki anapata ujasiri kwa sababu anatazama huku na huku anaona watu wazima wenye akili zao wakicheka.

Nataka niseme na nyie kaka zangu sasa, wale mliocheka. Nawaelewa kuliko mnavyodhani. Wengi wenu mlichekwa mkiwa wadogo, mliitwa majina kwa sababu mlipenda vitabu vya picha na madude ya anga kuliko mpira, na mkapata sehemu moja tu duniani ambapo kujua kitu kidogokidogo kwa undani ni heshima na sio kituko. Mnaogopa sehemu hiyo isijekuchukuliwa. Lakini na mimi nilichekwa. Nilichekwa shuleni kwa kupenda mambo haya, nikaambiwa ni ya kiume, nikakimbilia kwenu nikijua nyie ndo mtanielewa, na nyie mkanicheka kwa sababu mi sio mwanaume. Nilikuwa sina pengine pa kukimbilia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, jamani, nyie mnaujua uchungu wake, mliwahi kuwa upande wa ncha.

Na kuna kitu mlinichukulia ambacho sijui kama kitarudi chote. Zile komiki nilizozisoma kwa ajili ya mtihani nilizisoma nimeshika kalamu. Nilifika kwenye kurasa ambazo mtu mwingine angecheka au angelia na mi nilikuwa naandika namba ya toleo. Miaka mingi baadaye nimezirudia baadhi, polepole, bila daftari, na nikakuta kuna ukurasa mmoja Carol amekaa peke yake anaangalia nyota, hakuna maneno, nilishaupita ule ukurasa mara mbili na sikuwahi kuuona.

Nimebaki kwenye lile grupu la kwanza. Watu wengine wamepungua, wengine wamekua, sauti zimebadilika kidogo ingawa sio sana. Mwezi uliopita binti mmoja aliandika, habari zenu, naomba kuuliza, nataka kusoma Ms. Marvel ila sijui nianzie wapi. Nikaona kuna mtu ameshaanza kuandika jibu, vile vinukta vinacheza, na moyo ukaenda mbio, nikaandika haraka kabla yake. Nikamwambia karibu sana mdogo wangu, anzia hapa, kisha hapa, hii unaweza kuiruka, hii usiiruke hata iweje. Wakaja na wengine, wakamwongezea, kaka mmoja akamtumia chati. Chati ileile yenye mtindo wa mishale, nadhani ni yule yule jamaa.

Akasoma. Baada ya wiki akarudi na swali kuhusu hadithi fulani ya pembeni, kwamba inaingia kabla au baada ya tukio fulani, na mi hiyo hadithi sijawahi kuisoma. Nilikaa na simu mkononi muda. Daftari lipo, ningeweza kutafuta, dakika tano tu ningerudi na jibu kama vile nililijua siku zote.

Nikaandika: sijui mdogo wangu, hiyo sijaisoma.

Akajibu, basi dada tuisome wote. Tuko toleo la nne.